Sauti na Lugha katika Uigizaji wa Lupita Nyong'o

Mwigizaji husifiwa aghalabu kwa uso wake, na desturi hii imezidi nguvu tangu sinema ilipoanza kuukuza uso wa mtu mpaka ukajaza ukuta mzima. Lupita Nyong'o amepata sifa za namna hiyo kuliko wengi wa rika lake. Lakini kazi zake zikipangwa moja baada ya nyingine, za jukwaani pamoja na za sinema, yaonekana kuwa sifa hizo zimeshika tawi zikaacha shina. Shina la sanaa yake ni sauti, na mizizi ya sauti hiyo ni lugha. Hoja hii ina uzito kwa wasomi wa Kiswahili, maana Kiswahili ni mojawapo ya lugha alizokua nazo, na kwa miaka mingi kilipewa nafasi ndogo mno katika kazi yake.

Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wazazi wake wakiwa Wakenya, akarejeshwa kwao angali mdogo. Alilelewa kati ya Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, na alipofika umri wa miaka 16 alipelekwa tena Mexico kujifunza Kihispania. Alipokuwa na miaka 14 alikuwa amekwisha kumcheza Juliet wa Shakespeare pamoja na kundi la Phoenix Players la Nairobi. Baadaye alisoma Hampshire College, kisha chuo cha uigizaji cha Yale, alikohitimu mwaka 2012. Huko aliyafanyia mazoezi matamshi ya Kimarekani, kwa kuwa kazi aliyoitafuta iliyadai. Hatimaye aliamua kurudia matamshi ya kwao kila anenapo kwa nafsi yake mwenyewe. Amelieleza jambo hili hadharani. Kwa mhakiki, hii si habari ya maisha tu. Yamwonyesha mtu ambaye matamshi kwake ni kama vazi, huvaliwa na kuvuliwa kwa kukusudia.

Tunda la kwanza la mafunzo hayo lilikuwa Patsey, katika 12 Years a Slave ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Steve McQueen. Ilikuwa sinema yake ndefu ya kwanza, nayo ilimpatia tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi mwezi Machi 2014. Watazamaji wengi hukumbuka mjeledi. Mahali pa kupimia sanaa, hata hivyo, ni maneno yautanguliayo mjeledi, pale Patsey anapojitetea kwa bwana wake kwamba alikwenda shamba la jirani kutafuta kipande cha sabuni, kwa kuwa bibi wa nyumba amemnyima. Maneno hayo si kilio cha kuomba huruma peke yake. Ndani yake mna hesabu: mtumwa huyu huchuma pamba kupita mwanamume yeyote shambani, naye hataki ila kuwa safi. Nyong'o huyasema kama mtu anayedai ujira wake, na kwa hiyo mapigo yafuatayo huonekana kuwa dhuluma iliyojibu hoja.

Baada ya tuzo hiyo angeweza kuandama sinema moja kwa moja. Alichagua jukwaa. Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira juu ya wanawake katika vita vya Liberia, ulichezwa Public Theater, New York, mwaka 2015, ukahamia Broadway mwaka 2016. Alikuwa akiujua tangu mwaka 2009, alipokuwa mchezaji wa akiba wa mchezo huo huko Yale. Safari hii alimcheza msichana asiyetajwa kwa jina, ambaye kwanza ni mateka wa kamanda, kisha hushika bunduki mwenyewe. Mchezo umeandikwa kwa Kiingereza cha Liberia, chenye mapigo na mkato wake. Jukwaani hakuna kamera ya kuusogelea uso. Aliyeketi nyuma hupata kiwiliwili na sauti, basi. Kwa kazi hiyo alitajwa miongoni mwa wagombea wa tuzo ya Tony ya mwaka 2016.

Wakati uo huo wakosoaji walinung'unika kwamba sinema kubwa zilikuwa zikimficha. Katika Star Wars: The Force Awakens ya mwaka 2015 alikuwa Maz Kanata, kiumbe kilichochorwa kwa kompyuta, katika The Jungle Book ya mwaka 2016 alikuwa mbwa mwitu Raksha, sauti bila mwili. Manung'uniko hayo yalikuwa na haki yake, maana mwanamke mweusi aliyetoka kupata tuzo kubwa hakuonekana sura yake. Lakini miaka ilipopita, yalionekana pia manufaa yake kwa sanaa. Mwaka 2024 zilitoka sinema zake mbili zinazofaa kutazamwa pamoja. Katika The Wild Robot alikuwa sauti ya Roz, mashine iliyotupwa na tufani kisiwani, ambayo hujifunza lugha ya wanyama. Sauti yaanza kwa uchangamfu wa kibiashara usio na moyo, ikapata joto kidogo kidogo bila ya msikilizaji kuweza kusema ni wapi ilipogeuka. Katika A Quiet Place: Day One alikuwa Samira, mgonjwa katika mji uliovamiwa na viumbe viwindavyo kwa kusikia, ambamo kusema ni kufa. Kazi moja ilimnyima uso, nyingine ikamnyima sauti, na zote mbili zilisimama. Hii ya pili haiivunji hoja. Mwigizaji ajuaye uzito wa neno ndiye ajuaye pia uzito wa kulizuia.

Jaribio lake la hatari zaidi lilikuwa Us ya Jordan Peele, mwaka 2019, ambamo alicheza watu wawili: Adelaide, mama wa nyumba, na Red, kivuli chake kitokacho chini ya ardhi. Red hunena kwa sauti iliyokauka, ikikatika kila baada ya maneno machache. Ndani ya hadithi sauti hiyo ina sababu: koo lake lilikabwa utotoni, na kwa miaka mingi hakuwa na wa kusema naye. Nje ya hadithi, mwigizaji alieleza kwamba alianzia kwenye ugonjwa halisi wa sauti, na wenye ugonjwa huo walilalamika kufananishwa na zimwi. Aliwaomba radhi. Lawama hiyo ilistahili kusikizwa. Hadithi yenyewe ilitosha kuithibitisha sauti ya Red. Kuitaja kwa jina la ugonjwa hakukuizidishia kitu, bali kuliwaumiza watu walio hai.

Juu ya lugha za Afrika, daftari lake lina mchanganyiko. Katika Queen of Katwe ya mwaka 2016 alikuwa mama wa Phiona Mutesi, msichana wa Kampala aliyejulikana kwa mchezo wa sataranji. Alimpa mama huyo matamshi ya Kiganda kwa uangalifu, lakini maneno yenyewe ni Kiingereza. Katika Black Panther ya mwaka 2018 watu wa nchi ya kubuni ya Wakanda husema Kixhosa, lakini kwa vipande vifupi, na mambo mazito hurudi kwa Kiingereza.

Kiswahili kilipata zamu mwezi Agosti 2025, uwanja wa Delacorte wa New York ulipofunguliwa tena kwa Twelfth Night ya Shakespeare. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, naye mzaliwa wa Kenya. Nyong'o alikuwa Viola, na nduguye wa damu, Junior Nyong'o, alikuwa Sebastian, pacha wake. Na mapacha hao walipewa baadhi ya maneno yao kwa Kiswahili. Julius Nyerere alipomfasiri Julius Caesar mwaka 1963, na S. S. Mushi alipotoa Makbeth mwaka 1968, Shakespeare aliingia nyumba ya Kiswahili. Hapa Kiswahili ndicho kilichoingia nyumba ya Shakespeare.

Yawezekana kusema kwamba hilo lilikuwa pambo, kwani wengi wa watazamaji wa New York hawakifahamu Kiswahili. Lakini mchezo wenyewe hulijibu shaka hilo. Viola ameokoka merikebu ilipovunjika, yu katika nchi ya ugeni, ameficha jinsia na jina kwa mavazi ya kiume. Lugha ikiongezwa katika vitu alivyovificha, huwa ndiyo mali pekee anayoshirikiana na nduguye. Mtazamaji asiyefahamu huwekwa mahali pa wenyeji wa Illyria. Afahamuye huwekwa mahali pa Sebastian. Pambo halifanyi kazi hiyo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mchezo ilibaki Kiingereza, na mwigizaji huyu, ambaye amepimwa kwa matamshi ya Louisiana, Liberia na Kampala, hajapewa bado nafasi kubwa ya sinema au jukwaa itakayompima kwa Kiswahili tangu mwanzo hata mwisho. Kosa si lake peke yake. Kiswahili kina michezo, tangu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mwaka 1969, na Hatia ya Penina Muhando, mwaka 1972. Kina pia tofauti za usemi za kumchosha mwigizaji hodari yeyote: msemo wa Mombasa si wa Unguja, na wa Nairobi si wa Dar es Salaam. Mwandishi atakayemwandikia mwanamke apitaye kati ya misemo hiyo, akivaa mmoja na kuvua mwingine kadiri ya haja na hofu yake, atakuwa amempa Nyong'o kazi inayolingana na kipawa chake.