Mtumishi au Mtumwa? Uhakiki wa Barua za Ukoo wa Jones wa Georgia

Ikisiri

Makala haya yanahakiki barua za ukoo tajiri wa Jones wa Liberty County, jimboni Georgia, kusini mwa Marekani, zilizochapishwa mwaka 1972 kwa anwani The Children of Pride. Barua hizo zimesifiwa kwa upole wake, uchaji wake wa Mungu na ufundi wake wa usimulizi. Makala yanadai kwamba sifa hizo zinaegemea maneno mawili ya Kiingereza yanayojirudia katika barua: neno la mtumishi, linalosimama mahali pa mtumwa, na neno la familia, ambalo mipaka yake huwekwa na mwenye mali. Msomaji wa Kiswahili anapojaribu kuyapatia maneno hayo visawe, analazimika kuchagua, na uchaguzi huo hufichua kile ambacho barua zinakisitiri. Hoja inathibitishwa kwa kuzilinganisha barua za ukoo na barua moja ya mwaka 1857 iliyotoka kwa watumwa wawili waliouzwa na ukoo huo.

1.0 Utangulizi

Nyaraka za matajiri hudumu kuliko nyaraka za maskini. Mwenye nyumba kubwa ana makabati, ana wazao wanaojua kusoma na kuandika, na ana sababu ya kutunza hati zinazothibitisha umiliki wake. Trouillot (1995) anaeleza kwamba ukimya huingia katika historia katika hatua nne: vyanzo vinapoundwa, vinapokusanywa kuwa hifadhi, simulizi zinapotungwa kutokana na hifadhi hiyo, na simulizi hizo zinapopewa maana. Mkabala huu unafaa kuzihakiki barua za ukoo wa Jones, kwa sababu hatua zote nne zinaonekana waziwazi ndani yake.

Mhakiki wa fasihi ana jambo la kuongeza juu ya kauli hiyo ya mwanahistoria. Ukimya una sarufi yake. Mara nyingi hautokani na kukosekana kwa maneno, bali na neno moja lililokaa mahali pa jingine kwa muda mrefu hata wasomaji wakalizoea. Sehemu zinazofuata zinauchunguza ukimya wa namna hiyo.

2.0 Ukoo na Nyaraka Zake

Mchungaji Charles Colcock Jones (1804–1863) alikuwa mhubiri wa Kipresbiteri na mmiliki wa mashamba matatu ya pwani ya Georgia: Montevideo, Maybank na Arcadia. Mpunga na pamba vililimwa huko na watumwa waliozidi mia moja. Alisoma Andover na Princeton, katika majimbo ya Kaskazini. Akiwa huko alimwandikia Mary, binamu yake aliyekuja kuwa mkewe, akikiri kwamba utumwa ulikuwa dhuluma mbele ya Mungu na wanadamu. Hata hivyo, alirudi Georgia, akarithi, akamiliki, na akaifanya kazi ya kuwahubiria watumwa kuwa jibu la dhamiri yake. Kitabu chake kuhusu mafundisho ya dini kwa watu weusi wa Marekani kilichapishwa mwaka 1842.

Wana wao wa kiume walikuwa wawili: Charles mdogo, mwanasheria aliyekuwa meya wa Savannah mwanzoni mwa miaka ya 1860, na Joseph, daktari. Binti yao, Mary Sharpe, aliolewa na mchungaji. Watoto walipotawanyika, barua zilianza kumiminika. Robert Manson Myers, aliyekuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, alichagua barua za kuanzia mwaka 1854 hadi 1868 na kuzipanga katika kitabu chenye zaidi ya kurasa 1,800. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 1973. Sehemu kubwa ya nyaraka zenyewe imehifadhiwa katika vyuo vikuu vya Tulane, Georgia na Duke.

Mpangilio wa Myers ni wa kifasihi. Barua zimefuatana kama sura za riwaya: kuna wahusika wakuu, kuna utulivu wa mwanzo, kuna vita, kuna kifo cha baba mwaka 1863, kuna uvamizi wa majeshi ya Kaskazini mwishoni mwa 1864 na mwanzoni mwa 1865, na kuna mama anayeliacha shamba lake na kuhamia New Orleans, alikofariki mwaka 1869. Anwani ya kitabu imetolewa katika Kitabu cha Ayubu na inabashiri anguko la wenye kiburi. Msuko huo unavutia, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Tanzia inahitaji shujaa wa kumlilia, na mpangilio huu umekwisha kumteua. Anayeanguka ni mwenye shamba, huku kuachwa huru kwa watu zaidi ya mia moja kukisomeka kama tukio katika msiba wake. Katika barua za baada ya 1865, Mary anawalalamikia walioondoka kana kwamba wamevunja ahadi, ingawa hakuna mahali walipopata nafasi ya kuiweka.

3.0 Mzizi Mmoja, Maneno Mawili

Katika barua za ukoo, watu wanaomilikiwa huitwa kwa kawaida watumishi, au watu wetu. Neno la mtumwa linaonekana kwa nadra. Msomaji wa Kiingereza huweza kulipita jambo hilo bila kusita, maana ilikuwa desturi ya tabaka lile. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kulipita, kwa kuwa lugha yake inamtaka aamue.

Mtumwa na mtumishi yametokana na mzizi mmoja, -tum-. Tofauti iko katika uambishaji. Mtumwa limejengwa kwa kauli ya kutendwa: kiambishi -w- kinamtaja anayetumwa na papo hapo kuacha nafasi wazi ya anayetuma. Kila linapotamkwa, swali la nani anamtuma linabaki limening'inia. Mtumishi limepitia kitenzi tumika na kupokea kiambishi tamati -i, kama mwandishi kutokana na andika. Ni nomino ya mtenda. Humpa mtajwa hiari, kana kwamba kutumika ni kazi aliyoichagua. Kwa hiyo anayefasiri barua za Jones kwa neno mtumishi huwa analinda pazia lao. Anayefasiri kwa mtumwa huwa analichana, lakini anapoteza ushahidi kwamba pazia lilikuwepo. Njia inayofaa ni kutumia mtumishi ndani ya usemi wa wenye barua na mtumwa katika usemi wa mhakiki, ili pengo kati ya maneno hayo lionekane.

Suala hili lina mizizi katika Biblia yenyewe. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, aliyoisoma Jones, inatumia neno la mtumishi pale Paulo anapomwandikia Filemoni juu ya Onesimo. Biblia ya Kiswahili ya Union Version inatumia mtumwa mahali hapohapo. Jones mwenyewe anasimulia kwamba alipohubiri kwa kuutegemea waraka huo, akisisitiza utii na kulaani utoro, nusu ya wasikilizaji wake walisimama na kuondoka, na miongoni mwa waliobaki wengi hawakuridhika. Hawakuwa na tafsiri nyingine mikononi, lakini waliujua uzito wa hali iliyokuwa ikitajwa. Kuondoka kwao ni uhakiki wa matini, na ni jambo la kushangaza kwamba umetufikia kwa kalamu ya mhubiri aliyekataliwa.

4.0 Barua ya Phoebe na Cassius

Mwaka 1856 msichana Jane alitoroka kutoka shambani na kwenda Savannah, akapata kazi huko kabla ya kukamatwa. Barua za ukoo za majira hayo zinajadili hatua ya kuchukua. Uamuzi ulikuwa kumuuza yeye pamoja na wazazi wake, Phoebe na Cassius, na jamaa zao wa karibu. Lugha ya majadiliano hayo ni ya watu wenye dhamiri: mauzo ni jambo la kuhuzunisha, na familia isitenganishwe. Familia ya Jones ilitarajia kwamba watu hao wangekaa kwa mkulima mmoja. Miezi michache baadaye walikuwa New Orleans, mojawapo ya masoko makubwa ya watumwa nchini.

Kutoka huko, mwezi Machi 1857, ilitumwa barua kwa jina la Phoebe na Cassius. Ilipitia kwa mtu wa kati aliyeombwa kufikisha salamu kwa Clarissa, binti yao aliyebaki Georgia. Ni fupi, na tahajia yake ni ya mtu asiye na shule ndefu. Inaeleza kwamba Jane alifariki mwezi Februari na kwamba madaktari walitofautiana juu ya ugonjwa wake. Watoto waliugua surua wakapona. Wazazi wanasema waliuzwa kwa inda, ingawa wanatumaini jambo hilo litawageukia kuwa heri. Kisha zinafuata salamu: kwa Clarissa na mumewe, kwa wajukuu mmoja mmoja kwa jina, kwa shangazi, kwa Porter nduguye Cassius na mkewe Patience. Mwishoni inasemwa kwamba hawana la kuongeza mpaka watakapopata makao.

Msomaji wa Kiswahili analo jicho la kuisoma barua ya namna hii. Katika utamaduni wa barua za Waswahili, kama zile zilizokusanywa na Büttner (1892), salamu si pambo la kupitiwa haraka. Ni kiini cha barua, kwani kutajwa kwa jina ni kuthibitisha kwamba uhusiano ungali hai. Ikisomwa hivyo, orodha ya Phoebe na Cassius ni hoja kamili. Wauzaji walidai kwamba hawakuitenganisha familia. Barua inajibu kwa kuwahesabu waliotenganishwa. Kwa wauzaji, familia ilikuwa kundi la watu wanaoweza kuuzwa kwa pamoja. Kwa waliouzwa, ilikuwa ni jamaa na ukoo: mama, shangazi, shemeji, mjukuu. Neno la Kiingereza lilizichanganya maana hizo mbili, na mchanganyiko huo uliwawezesha wema wa ukoo kuuza bila kujiona wametenda kosa.

Neno inda nalo lina uzito. Barua za wenye mashamba zinataja nidhamu, usalama na masikitiko. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokiri inda, yaani nia ya kumkomoa mtu. Hivyo kisa kimoja kina sababu mbili zinazopingana, na kwa zaidi ya karne moja ni sababu ya upande mmoja tu iliyosomwa kwa wingi. Erskine Clarke, katika Dwelling Place (2005), alirekebisha mizani hiyo kwa kusimulia historia ya nyumba kubwa na ya makazi ya watumwa sambamba. Kitabu chake kinathibitisha kwamba hifadhi hiyohiyo ya matajiri inaweza kusomwa dhidi ya nia ya walioitunza.

5.0 Sauti kwa Jina la Mwingine

Mwaka 1888 Charles mdogo alichapisha Negro Myths from the Georgia Coast, mkusanyiko wa ngano zilizosimuliwa kwa lugha ya watu weusi wa pwani, jamaa ya Kigulla. Sungura mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili anatamba humo, kama anavyotamba katika ngano za Afrika Mashariki. Mkusanyiko huo ni hazina kwa mwanaisimu. Lakini jina lililoko kwenye jalada ni la mtoto wa mwenye shamba, yule yule aliyesimamia uuzaji wa familia ya Jane mjini Savannah. Lugha ya waliomilikiwa iliheshimiwa ilipogeuka kuwa ngano, wakati ushuhuda wao ulikuwa haujapata wa kuusikiliza.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba barua za ukoo wa Jones hazisemi uongo kwa maana ya kawaida. Waandishi wake waliamini upole wao. Ukimya wake umo katika maneno yaliyowawezesha kuamini hivyo, na uambishaji wa Kiswahili unayafichua maneno hayo kwa urahisi usiopatikana katika Kiingereza. Fundisho hilo linazihusu pia maandiko ya Waswahili wenyewe. Tawasifu ya Tippu Tip na hati za wenye mashamba ya Unguja na Pemba ni nyaraka za matajiri vilevile, na maneno kama mzalia, mjakazi na suria yanadai uchunguzi wa namna hiyohiyo. Mhakiki anayelitendea haki neno mtumwa katika barua za Georgia hana budi kulitendea haki katika matini za pwani yake.