Hata Murakami Alitembea

Karibu na mwisho wa kitabu chake cha mbio, Haruki Murakami anajiuliza kaburi lake liandikwe nini. Anataka akumbukwe kuwa mwandishi, akumbukwe kuwa mkimbiaji, na juu ya hayo ijulikane kwamba hakuwa mtu wa kutembea katikati ya mbio.

Nilisoma ukurasa huo nikiwa barazani kwetu Mkomani, Oktoba 2024, nikimsubiri baba avae viatu. Julai ya mwaka huo alipata kiharusi. Upande wake wa kushoto ulilegea, na aliporuhusiwa kurudi nyumbani alipewa kazi moja: atembee kila siku, hata iwe hatua ishirini. Kiatu cha kushoto peke yake kilimchukua dakika kumi, na hakutaka kusaidiwa. Basi mbele yangu kulikuwa na watu wawili. Mmoja yuko kwenye karatasi anajivunia kutotembea, na mwingine anahangaika na kamba za viatu ili atembee. Nilikifunga kitabu kwa hasira, kikakaa wiki mbili bila kufunguliwa.

Tangu hapo nimekirudia mara tatu. Bado nakipenda na bado nagombana nacho, na nadhani ugomvi wenyewe una faida kwa yeyote anayesoma vitabu vilivyoandikwa kwenye hali ya hewa isiyo yake.

Kitabu kinaitwa What I Talk About When I Talk About Running. Kilitoka Japani mwaka 2007, na tafsiri ya Kiingereza niliyosoma mimi, ya Philip Gabriel, ikafuata 2008. Kwa sehemu kubwa ni shajara ya matayarisho ya New York City Marathon ya 2005, iliyochanganywa na kumbukumbu: klabu ya jazi aliyokuwa nayo Tokyo, uamuzi wa kuiuza ili aandike, na jinsi alivyoanza kukimbia mwaka 1982 akiwa na miaka 33. Hoja yake kuu ni rahisi. Kuandika riwaya na kukimbia masafa marefu kunadai vitu vilevile, kipaji kidogo, makini nyingi na uvumilivu usioisha, na hivyo viwili vya mwisho hujengwa siku kwa siku kama misuli. Hapigi kelele wala hakuahidi kwamba maisha yako yatabadilika ndani ya siku thelathini. Kwa sisi tunaoishi kwenye simu zilizojaa watu wa kututia moyo kwa nguvu, huo upole ni dawa.

Mimi nilikihitaji kwa sababu nilikuwa nimejisajili Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Nilianza bila mpango. Namsindikiza baba hadi nguzo ya tatu ya stima, anaketi kwa muuza kahawa, na mimi nina nusu saa ya kusubiri. Nikaanza kuikimbia hiyo nusu saa. Mama hakupinga, ila aliweka sharti: hayo mambo yaishe kabla ya mwezi wa Ramadhani kuingia. Nilihesabu, nikaona yataisha kwa siku chache tu.

Programu niliyoipata kwenye intaneti ilikuwa ya wiki kumi na sita, ya marathon za majira ya kuchipua. Iliniambia ninunue glavu. Iliniambia niangalie barafu barabarani, na siku za theluji nikimbilie ndani, kwenye mashine. Jamani. Kwetu Desemba hadi Machi ni kaskazi, miezi ambayo hata paka hutafuta kivuli. Nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado, na kabla sijafika Kengeleni fulana imeshanata mgongoni. Hewa yenyewe ina maji mengi kiasi kwamba jasho halikauki, linatiririka tu. Jasho lisipokauka mwili haupoi. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke, na miguu inabaki na kidogo. Kwa hiyo mwendo ambao mtu wa mahali pa baridi anauita mwepesi, hapa ni kazi kamili. Huo si uvivu, ndivyo mwili unavyofanya kazi.

Nasema hivyo kwa sababu sisi wa Pwani tumezoea kuambiwa kwamba joto limetufanya wavivu, na fasihi ya mbio za Kenya, bila kukusudia, inaunga mkono. Chukua Running with the Kenyans cha Adharanand Finn, kilichotoka 2012. Finn ni mwandishi wa habari Mwingereza aliyehamia Iten na mkewe na watoto, akafanya mazoezi na wanariadha wa huko, akaunda kikosi cha kwenda kukimbia Lewa. Ni kitabu cha mtu mwenye adabu. Anatafuta siri ya Wakenya na anakubali mwishowe kwamba hakuna siri moja. Ni mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, ni chakula, ni utoto wa kwenda shule kwa miguu, ni umaskini, ni kambi, ni kuona jirani ameshinda. Lakini angalia ramani inayobaki kichwani ukimaliza. Neno "Wakenya" kwenye jalada lina maana ya watu wa milimani. Nchi hiyo haina bahari. Mimi ni Mkenya, nina viatu vya mbio, na sikumo.

Ukitaka kujua jinsi ramani hiyo ilivyoingia vichwani mwetu, kimbia asubuhi kutoka Mkomani hadi daraja la Nyali. Kijana wa bodaboda atakuambia, "Dada, panda nikupeleke, utachelewa kazini!" Makanga atapiga kelele, "Kipchoge!" Mama wa mahamri, naye ni mtu wa heshima, atauliza kwa huruma ya kweli, "Mwanangu, wakimbilia wapi? Kuna nini?" Hakuna hata mmoja anayeona mtu anayefanya mazoezi. Wanaona mtu aliyechelewa, au mtu wa mahali pengine, au mtu aliyepata habari mbaya.

Na wengine wanaona mwili. Hapa nina neno na Murakami. Kuna sehemu, yuko Cambridge kule Marekani, anakimbia kando ya mto Charles, na wasichana wa Harvard wanampita, nywele zimefungwa nyuma, zinacheza mgongoni. Anawatazama kwa furaha, anakubali kwamba zamu yao imefika, anaendelea taratibu. Ni maandishi mazuri na hayana ubaya. Ila nilipoyasoma nilijua kwamba mimi katika kitabu hiki ndiye ninayetazamwa. Murakami ana starehe moja asiyoitaja: akikimbia, hakuna anayemgeukia. Yeye hukimbia ili apate utupu kichwani. Mimi utupu huo siupati mpaka nipite maskani mbili na kituo kimoja cha matatu, nikiwa nimevaa suruali pana na mtandio uliobanwa kwa pini nne. Upweke anaousifu yeye anaupata bure, na sisi wengine tunaulipia.

Hata hivyo kitabu kina sura moja ambayo ni yetu kabisa. Julai 1983 alikwenda Ugiriki kwa ajili ya makala ya jarida, akakimbia peke yake kutoka Athens hadi Marathon, njia ya kale kwa kinyume, kwenye jua la kiangazi. Mpigapicha aliyefuatana naye anashangaa kuona kwamba mtu huyu kweli anataka kuikimbia njia nzima. Basi jua likitoka, mwanafalsafa anaondoka. Anabaki mtu mwenye chumvi iliyokauka mwilini, anayekasirikia kila kitu na kuwaza bia baridi tu. Alimaliza kwa saa 3 na dakika 51, na bia ilipofika haikuwa tamu kama ile aliyoiwaza. Nilicheka peke yangu barazani. Chumvi ile naijua, hasira ile naijua. Ya kwangu ni juisi ya ukwaju kutoka kilomita ya kumi na nne kwenda mbele.

Sura hiyo ndiyo iliyonifanya nisome upya suala la kutembea, na ndipo nikaona jambo ambalo hasira yangu ya kwanza ilikuwa imelificha. Murakami alitembea! Kwenye sura nyingine anasimulia marathon ya huko Japani ambapo miguu ilikataa karibu na mwisho, akalazimika kutembea, akaona aibu kubwa. Anatoa sababu: mazoezi hayakutosha. Miaka mingi baadaye ndipo anakuja na ombi lake la kaburi. Maana yake ombi hilo halielezi kilichotokea. Ni toba ya mtu ambaye hajajisamehe.

Kisha soma sura ya Ziwa Saroma. Mwaka 1996 alikimbia kilomita 100 kule Hokkaido, kwa saa 11 na dakika 42, bila kutembea hata hatua moja. Kwa kanuni yake mwenyewe hiyo ndiyo siku yake kuu. Na nini kilifuata? Hamu ya kukimbia ikamtoka, kwa muda mrefu, na hakuelewa vizuri kwa nini. Kitabu chenyewe kinayaunganisha mambo haya mawili. Mimi nakwenda mbali zaidi. Ile mbio aliyoshinda kwa kutotembea ndiyo iliyomnyang'anya mbio. Nadhani kitabu kinajua zaidi ya mwandishi wake, na hiyo ndiyo sababu kinastahili kusomwa mara ya pili.

Jumapili zangu ndefu zilikuwa Mkomani, daraja la Nyali, Buxton, mjini, hadi Mama Ngina na kurudi. Kule Mama Ngina barabara inapita kando ya uwanja wa gofu, bahari upande wa pili, na ni hapo ambapo tarehe 24 Machi 2007 zilifanyika Mbio za Nyika za Dunia. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alinipeleka kwa matatu, tukakaa nje chini ya mbuyu na umati wa watu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo. Siku hiyo, kwenye joto letu na unyevu wetu, aliongoza, kisha Zersenay Tadese wa Eritrea akampita, na kwenye mzunguko wa mwisho Bekele akasimama. Hakumaliza, na hakuwa peke yake, wanaume wengi walitoka kabla ya mwisho. Nakumbuka habari ilivyopita kwenye umati, mtu kwa mtu, mpaka ikatufikia sisi ambao hatukuona kitu. Baba aliguna, akasema, "Kumbe na yeye huchoka."

Hiyo ndiyo hadithi ya mbio ambayo Pwani inayo, na sijaiona ikipewa kitabu chake kwenye rafu ya maduka yetu. Tuna kisa cha bingwa mkubwa wa nyika wa zama zake akisimamishwa na hewa ya mtaa wetu, na bado tunanunua vitabu vinavyotufundisha kuvaa glavu. Simlaumu Murakami wala Finn. Kila mmoja aliandika njia aliyoikimbia. Lawama ni yetu sisi tunaoandika mashairi ya bahari kila mwezi na hatujaandika hata aya moja kuhusu jinsi inavyokuwa kukimbia kando yake.

Moshi nilikwenda kwa basi, kupitia Voi, Taveta na Holili. Nusu ya kwanza, barabara ya kuelekea Dar, ilinidanganya. Hewa ilikuwa kavu kuliko yetu, nikajiona Kipchoge kweli. Halafu njia ikageukia Mweka, kupanda. Kilomita ya 29 goti la kushoto lilianza kuuma. Ya 31 nikatembea. Nilingoja ile aibu ya Murakami na kusema kweli ilikuja, ikakaa nami kama dakika mbili. Kisha nikaanza kuhesabu hatua, ishirini, ishirini nyingine, jinsi tunavyohesabu na baba kati ya nguzo na nguzo. Kwenye mteremko nikakimbia tena. Saa 5 na dakika 21.

Kisome kitabu hiki. Kisome hasa kama unaandika, kwa sababu kuhusu kazi ya kukaa mezani kila siku sijasoma rafiki bora. Lakini ukifika kwenye lile kaburi, usilichukue kuwa kanuni. Rudi nyuma utafute ile mbio aliyotembea, usome na Saroma, uone kama hutabishana naye.

Nilirudi Mkomani Jumatatu usiku. Asubuhi baba alikuwa barazani, kiatu cha kulia kimeshaingia.

"Ulitembea?" aliniuliza.

"Nilitembea, Baba. Kama kilomita tatu, kule mlimani."

"Mguu gani uliuma?"

"Wa kushoto."

"Huo wa kushoto ndio wenye taabu," alisema, akainama kuendelea na kamba.