Fani Kabla ya Maudhui: Nakshi za Kuinuka katika Milango na Kuta za Waswahili

Uhakiki wa sanaa za pwani ya Afrika Mashariki una desturi moja isiyoridhisha. Mhakiki asimamapo mbele ya mlango wa nakshi, uwe wa Lamu au wa Unguja, swali lake la kwanza huwa ni la maana: samaki huashiria nini, yungiyungi husema nini, mnyororo hukumbusha nini. Hujibiwa kwamba samaki ni uzazi, yungiyungi ni uhai, mnyororo ni utumwa. Na kwa majibu hayo uhakiki hudhaniwa umekamilika. Wahakiki wa fasihi wameonywa mara nyingi wasitenge maudhui na fani. Katika uhakiki wa nakshi onyo hilo bado halijazingatiwa.

Fani ya nakshi ya kuinuka ni ipi? Sanamu kamili yaweza kuzungukwa na kutazamwa pande zote. Nakshi hutazamwa upande mmoja, nayo haiachani na ubao au ukuta uliyoizaa. Fundi huchora umbo kwa penseli na bikari, hukata kingo zake kwa patasi, kisha huchimba mbao iliyolizunguka. Ua huachwa, kinachoondolewa ni kile kisichokuwa ua. Sehemu hiyo iliyochimbwa, ambayo yafaa kuitwa sakafu ya nakshi, ndiyo inayopokea kivuli, na bila kivuli umbo halisomeki. Kwa hiyo kina cha mchongo hutegemea mwanga. Wachongaji wa Misri ya kale walilielewa jambo hili. Kuta za nje zilizopigwa na jua kali waliziwekea zaidi nakshi ya kuzama, ambayo umbo lake halipiti uso wa jiwe. Nakshi ya kuinuka waliipendelea ndani.

Kipimo hicho kikitumiwa katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, mengi hufafanuka. Chumba kiitwacho ndani hupata mwanga wake kutoka kiwandani kupitia misana, na ufikapo kwenye ukuta wa zidaka huwa umefifia. Hapo fundi hakuhitaji kina kirefu. Lipu ya chokaa ilichongwa kwa wepesi, kwa maumbo yanayojirudia safu kwa safu, hata ukuta mzima ukawa na mapigo ya kivuli na weupe. Msomaji wa tenzi hatashangazwa na urudiaji huo: ni mizani, na mizani haiulizwi maana yake kabla ya kusikilizwa.

Mlango una mpangilio mwingine. Unatazama njia, na kazi ya nakshi imegawanywa kwa mujibu wa viungo vyake: miimo miwili, kizingiti cha juu, na mfaa unaoziba mwanya kati ya mbao mbili. Katika milango mingi ya Unguja samaki huwekwa chini ya mwimo, na shina la majani na maua hupanda kutoka hapo kwenda juu. Mnyororo hukaa ukingoni. Ni kweli kwamba waongozaji wa watalii huueleza kuwa ni kumbukumbu ya biashara ya watumwa. Lakini mahali pale pale, katika milango mingine, huonekana kamba iliyosokotwa au safu ya majani. Vitu vitatu vinavyoweza kupokezana nafasi moja vina kazi moja: kufunga ukingo. Mwanaisimu anaijua hoja hii, maana ndivyo anavyoainisha maneno.

Haina maana kwamba nakshi haisemi kitu. Katika msikiti wa Kizimkazi, maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye tumbawe hutaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Milango ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ina aya za Kurani. Hapa maneno yapo wazi. Hata hivyo, shina la herufi ya Kikufi lichanuapo majani, usomekaji umekubali kupunguzwa kwa ajili ya uzuri, na uamuzi huo ni wa fani.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika milango mipya inayochongwa kwa ajili ya mahoteli. Samaki yumo, yungiyungi limo, mnyororo umo. Kama maana ndiyo yote, milango hiyo ingelingana na ile ya kale. Lakini mingi ina sakafu iliyochimbwa kwa kina kimoja kila mahali, na kivuli kimelala sawasawa; macho hayaongozwi popote. Msamiati umehifadhiwa, sarufi imepotea.

Kwa wanaosomea lugha jukumu ni bayana. Kamusi hutosheka kusema kwamba nakshi ni mapambo ya kuchonga, bila kutofautisha ya kuinuka na ya kuzama. Mafundi wa Lamu na Unguja wana majina ya patasi zao, ya mikato yao na ya kila sehemu ya mlango. Majina hayo yakusanywe karakanani, kazi ikiendelea, kabla ya kubuniwa istilahi nyingine maktabani. Beit al-Ajaib iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Jengo laweza kujengwa upya kwa picha na vipimo. Neno la fundi ambalo halikuandikwa halina picha.