Kupasua ubao kwa msumeno wa kuvuta

Msumeno wa Kijapani hukata unapovutwa, si unaposukumwa. Bati la chuma likisukumwa hutaka kupinda, ndiyo maana msumeno wa mkono wa Ulaya hutengenezwa mnene. Likivutwa hunyooka lenyewe, kwa hiyo ubapa wa Kijapani waweza kuwa na unene wa nusu milimita hivi. Mkato unakuwa mwembamba, na mkono hauchoki upesi.

Lakini wembamba huo una gharama yake. Ndani ya mkato hamna nafasi ya kuugeuza ubapa. Ukianza upande, utaendelea upande, na ukiulazimisha kurudi mstarini utapinda au kukwama. Kwa hiyo unyoofu hutafutwa mwanzoni.

Aina ya msumeno huu iitwayo ryoba ina meno kwenye kingo zote mbili. Ukingo mmoja una meno madogo makali ya kukata nyuzi za mti kwa kukingama. Mwingine una meno makubwa yenye ncha bapa, yanayochonga kwa kufuata nyuzi kama patasi nyingi zilizopangwa safu. Huo ndio wa kupasulia. Mara nyingi meno yake ni madogo karibu na mpini na hukua kuelekea nchani, basi mkato huanzishwa na yale ya mpinini, kwa mivuto mifupi.

Kwanza chora mstari juu, chini na kwenye kichwa cha ubao. Laza ubao juu ya vigoda vifupi na uukanyage kwa mguu. Anzia pembeni, ambako jicho huona mistari miwili kwa pamoja: wa juu na wa kichwani. Kisha laza msumeno. Ukilala, meno mengi huwa ndani ya mti. Kazi huenda polepole lakini mkato wenyewe huuongoza ubapa. Ukisimama, kasi huongezeka na mwongozo hupungua.

Kosa la kawaida ni kutazama mstari wa juu tu. Juu mkato waonekana safi kabisa, kumbe chini umekwisha kukimbia. Dawa yake ni kupindua ubao kila baada ya kipande kifupi na kufuata mstari wa upande wa pili, ili mkato wa kwanza uuongoze wa pili. Mti ukiubana msumeno, chomeka kabari ndogo nyuma yake.

Nguvu haziwezi kuchukua nafasi ya kunoa meno butu. Katika picha ya mchoraji wa Kijapani Hokusai ya wapasua magogo wa mkoa wa Tōtōmi, iliyochapwa mwanzoni mwa miaka ya 1830, wawili wanapasua boriti kubwa huku mwenzao akinoa msumeno. Kunoa ni sehemu ya kupasua.

Anayejifunza aache milimita moja au mbili nje ya mstari, amalizie kwa randa. Na asijipime kwa kasi: apindue ubao, autazame mstari wa chini.