Barabara Tupu

Kati ya insha za safari ambazo wanafunzi wetu wanapenda kuandika, ipo aina moja ambayo imeota mizizi. Ni insha ya safari ya baiskeli. Msimulizi huamka alfajiri, hushika usukani, hutoka nje ya mji na kujikuta katika nchi tambarare. Upande mmoja kuna matete na mafunjo, upande wa pili kuna maji, ndege weupe wanaruka, upepo unavuma. Hakuna gari hata moja. Hapo ndipo inapokuja sentensi ambayo tumeisoma mara nyingi hata tukaanza kuingoja: “Barabara ilikuwa tupu.”

Hatuna ugomvi na raha ya baiskeli. Mtu aliyewahi kunyonga baiskeli mahali pasipo na mlima wala honi ya lori hatahitaji kuelezwa raha hiyo. Tunalohoji ni neno moja tu, tupu, na namna linavyotumiwa wakati insha hiyo inapopelekwa katika mwambao wa Burundi, kutoka Bujumbura hadi Rumonge na kuendelea hadi Nyanza-Lac.

Kwanza tutazame mahali insha hii ilipotoka. Kwa maoni yetu si ya kwetu kwa asili. Uholanzi, na sehemu za mashariki na kusini mwa Uingereza, zina nchi za chini zilizokaushwa kwa mitaro na kuzuiwa kwa matuta, na juu ya matuta hayo watu huendesha baiskeli siku za mapumziko. Huko karibu kila anayekwenda kazini au sokoni mbali na nyumbani ana gari, au ana njia ya baiskeli iliyotengwa. Gari likikosekana, ni kweli kwamba barabara haina mtu. Mwandishi wa huko akisema barabara ni tupu hajakosea. Mwanafunzi wetu anayeichukua sentensi hiyo na kuileta Rumonge anachukua pia macho ya aliyeiandika.

Barabara yenyewe ni ile iitwayo RN3. Inatoka Bujumbura kuelekea kusini, inapita Mugere, penye jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliofika hapo mwezi Novemba 1871, kisha inabanwa kati ya milima na ziwa maeneo ya Gitaza. Mbele zaidi bonde la Imbo linapanuka tena. Hapo ndipo Rumonge ilipo, zaidi ya kilomita 70 kutoka Bujumbura: nchi ya michikichi, ya mito inayoshuka milimani na kutuama kwenye matete kabla ya kuingia Tanganyika. Mwendesha baiskeli atapata hapo kila kitu ambacho insha inakihitaji: ardhi ya tambarare, majimaji, ndege, upepo wa ziwani. Na tangu mwaka 2021, nchi ilipoanza kuandamwa na uhaba wa mafuta, uhaba uliozidi makali mwaka 2024, alipata pia siku nyingi ambazo magari yalikuwa machache mno.

Lakini je, ilikuwa tupu? Siku gari linapokosa petroli, madumu ya mawese hayakai nyumbani yakingoja. Yanafungwa kwenye keria. Ndizi zinafungwa, makaa yanafungwa, mgonjwa anapakiwa akielekea zahanati, ndagala waliokaushwa wanapelekwa sokoni kabla hawajanyeshewa. Wanafunzi na wanawake wenye mizigo kichwani wanatembea kando kwa foleni. Siku kama hiyo barabara ina watu wengi kuliko siku ya magari. Insha yetu iliwaona wote hawa, maana wakati mwingine inawataja aya mbili baadaye kama mapambo (“wenyeji wakitabasamu”), na bado ikaandika tupu.

Hapa somo la sarufi linatusaidia kuliko somo la maadili. Kivumishi -tupu kina tabia ambayo walimu huigusa haraka mno. Chupa tupu ni chupa isiyo na kitu, na aliyerudi mikono mitupu hakupata kitu. Lakini uwongo mtupu si uwongo uliokosa kitu. Ni uwongo na uwongo tena, usiochanganywa na ukweli. Mkutano ukiwa wa wanawake watupu, maana yake hakuna mwanamume. Neno lile lile lina maana ya kukosa na maana ya kujaa kwa aina moja. Hata “magari matupu” husomwa kwa namna mbili: magari yasiyo na abiria, au hakuna kingine ila magari. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na sentensi tayari kwa ajili ya RN3 ya mwaka 2024, na sentensi hiyo ingeandikwa kwa neno lile lile ambalo mwanafunzi alikuwa nalo mkononi: barabara ilikuwa baiskeli tupu. Wakazi wa Dar es Salaam wana njia nyingine. Wakikuta hakuna foleni husema barabara ni nyeupe. Huo ni usemi wa dereva, na unajulikana kuwa wa dereva. “Barabara tupu” inajifanya ni usemi wa kila mtu.

Wenzetu wengine katika idara wametuambia kwamba tunalibebesha neno dogo mzigo mkubwa. Pengine. Lakini msomaji wa Rumonge si msomaji wa Uholanzi, na katika mwambao huu utupu una historia. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianzia hapa, Rumonge na Nyanza-Lac, ukaua watu wengi, hasa Watutsi. Kisha serikali ya wakati huo ikajibu kwa mauaji makubwa zaidi ya Wahutu nchini kote. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao ya michikichi yalichukuliwa kana kwamba hayakuwa na wenyewe. Makumi ya maelfu ya wakimbizi hao na watoto wao walianza kurudi mwaka 2008, wakakuta nyumba na mashamba yana watu wengine, nao wana karatasi zao na miaka thelathini na zaidi ya jasho lao. Kesi za ardhi za Rumonge na Nyanza-Lac zilitokana na hapo. Katikati yake ilikuwapo vita iliyoanza mwaka 1993, wakati ambapo barabara isiyo na mtu ilikuwa habari mbaya: maana yake waliotangulia walikuwa wameona jambo.

Wengi wa waliorudi walikulia katika Kiswahili cha shule za Tanzania. Wao ndio sehemu ya wasomaji wa insha hizi, na baadhi ya watoto wao wanakaa katika madarasa ya Kiswahili leo. Mtu ambaye shamba la baba yake liliwahi kuhesabiwa kuwa ardhi tupu hulisikia neno hilo kwa sikio jingine.

Kwa kulinganisha, tumtazame mwandishi mmoja aliyeishughulikia baiskeli ya Burundi kwa uangalifu, ingawa aliandika kwa Kifaransa. Ni Gaël Faye katika riwaya yake Petit pays ya mwaka 2016, iliyopata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari mwaka huo huo. Baiskeli ya mtoto Gabriel wa Bujumbura inaibwa na kuuzwa mikononi mwa familia maskini ya mashambani. Anasafiri kuifuata, anaipata, anarudi nayo. Lakini aibu inamwingia, kwa sababu amewaona waliokuwa nayo na mmoja wa wasindikizaji wake hakumficha alivyoliona jambo hilo. Kwa upande wa fani, tukio hilo ni fupi. Nguvu yake inatokana na jambo moja: kifaa cha mchezo kinafika mahali ambapo kwa watu wengine ni mali kubwa, na msimulizi hafumbi macho. Insha zetu zinafika mahali pale pale na kugeuza shingo kutazama ndege.

Msamiati nao una makosa yake. Majimaji yale huitwa “kinamasi” katika kila insha, neno ambalo kwa mpishi wa bamia ni ute. Bwawa lingetosha, au tingatinga kwa anayelijua bado. “Ardhioevu” ni neno zuri la ofisini, na lina mahali pake: Burundi ilijiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, na eneo la kwanza kuandikishwa lilikuwa la delta ya Rusizi, kaskazini mwa ziwa. Lakini mwenye shamba la mpunga hasemi anakwenda ardhioevu. Kirundi kinasema igishanga, na mwanafunzi wa Rumonge asione haya kuliandika na kulieleza. Tena mipaka ya majimaji haya haikukaa mahali pamoja. Ziwa lilipopanda miaka ya 2020 hadi 2024, maji yaliingia katika makazi ya Gatumba na sehemu za ufukweni za Rumonge. Palipoota matete palikuwa uani kwa mtu.

Tungependa pia kuona neno abanyonzi likiingia katika insha. Ndivyo Warundi wanavyowaita waendesha baiskeli za kubeba abiria na mizigo, kutokana na kitenzi kunyonga, ambacho tunacho hata sisi tunaposema kunyonga baiskeli. Kiswahili hakiwezi kuliunda jina hilo kwa njia ya kawaida, kwani mnyongaji wetu ana kazi nyingine kabisa. Basi tuliazime lilivyo. Watu hao, mwezi Machi 2022, walizuiwa kuingia katikati ya Bujumbura pamoja na pikipiki na bajaji za abiria. Mji ukawa na magari bila baiskeli. Na mafuta yalipokauka, barabara ya kusini ikawa na baiskeli bila magari. Insha inayoliona hilo haitakosa la kusema, na hata ndege wake wanaweza kubaki.

Kwa walimu wanaotaka kulijaribu hili darasani, tunapendekeza zoezi fupi. Wape wanafunzi sentensi tatu: “Barabara ilikuwa tupu”, “Barabara ilikuwa magari matupu”, “Barabara ilikuwa baiskeli tupu”. Waandike, kwa kila moja, ni nani anayesema, amesimama wapi, na amepanda nini. Kisha wazigeuze ziwe katika kauli ya mwanamke anayetembea kutoka Rumonge na dumu la mawese kichwani. Sisi tulipojaribu, sentensi ya kwanza ndiyo iliyowapa taabu.