Jicho la Baba: Upofu na Urithi katika Simulizi ya Isaka na ya Mbatian

Upofu katika hadithi za kale za Kiebrania umezoeleka kufasiriwa kuwa adhabu au ujinga. Ufasiri huo unaweza kumfaa Samsoni, Isaka haumfai. Katika Mwanzo 27 macho ya mzee yamepofuka, lakini masikio hayajamdanganya: anaitambua sauti ya Yakobo. Kinachomponza ni mkono, unaopapasa ngozi za wana-mbuzi na kuaminiwa kuliko sikio. Kosa, basi, si la jicho. Upofu humu ni nyenzo ya kisimulizi inayowezesha neno limfikie asiyekusudiwa. Na likishatamkwa halirudi, hata Esau alie vipi.

Bonde la Ufa lina simulizi iliyo jirani mno na hiyo, iliyochapishwa na A. C. Hollis mwaka 1905 katika kitabu chake juu ya Wamaasai. Mbatian, laiboni mkuu, mzee mwenye jicho moja, alimwagiza mwanawe Sendeyo aje asubuhi kupokea vifaa vya ulaiboni. Lenana, aliyekuwa katika banda la ndama, aliyasikia hayo, akatangulia, akapewa. (Merker, mwaka 1904, alikwisha kudai kwamba Wamaasai na Waebrania wana asili moja, dai hilo halisaidii kitu hapa.)

Tofauti yake na Mwanzo ina uzito zaidi kuliko mfanano. Mwandishi wa Kiebrania hamwachi Yakobo na ushindi wake. Giza la usiku linampa Lea badala ya Raheli; na uzeeni, macho yakiwa yameingia kiwi, anaipishanisha mikono juu ya vichwa vya Efraimu na Manase kwa kujua. Yusufu, mwenye macho mazima, ndiye anayedhani mzee amekosea. Kipofu wa pili anamsahihisha wa kwanza.

Simulizi ya Lenana haina sura hiyo ya pili. Lakini ilichapishwa mwaka mmoja tu baada ya mkataba wa 1904, ambao Lenana aliutia alama yake, na uliowaondoa Wamaasai katika malisho ya Naivasha na Nakuru kuwapeleka Laikipia na kusini. Swali la nani alistahili vifaa vya Mbatian likawa pia swali la nani aliweza kuitoa ardhi. Kwa upande wa Sendeyo, jicho moja la baba lingekuwa hoja. Kwa serikali iliyohitaji alama ya Lenana, lilibaki pambo la ngano.