Kazi Inasubiri Wapi?

Fundi mzuri wa kompyuta za studio haanzi na bisibisi. Huyu ninayemzungumzia ana kibanda chake Katoro, mji wa biashara wilayani Geita, na akiitwa kwenye studio ya picha jambo la kwanza analofanya ni kuvuta kiti. Anakaa nyuma ya mwenye studio na kumwambia, "Dada, fanya kazi kama vile sipo." Kisha ananyamaza. Dada anafungua picha za harusi ya Jumamosi, anachambua, anasafisha uso wa bibi harusi, anahifadhi, anafungua nyingine. Nusu saa inapita na fundi hajagusa kitu. Ameomba tu dirisha la Task Manager liachwe wazi pembeni ya kioo, na macho yake yako hapo.

Utulivu huo ni wa thamani sana huku kwetu, kwa sababu pesa ya ukanda wa dhahabu huja kwa mkupuo. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata, na wachimbaji wadogo wameijaza miji kama Katoro, Nyarugusu na Kakola. Duara, yaani shimo la mchimbaji, likitema, watu wanajenga, wanaoa, wanafanya send-off na kipaimara, na kila sherehe inataka albamu. Mwenye studio akipata msimu mmoja mzuri hushawishika kununua kitu kikubwa chenye jina. Dada wa Katoro alikuwa ameshaambiwa na watu kwamba tiba ya kompyuta yake inayokwenda polepole ni grafiksi kadi, tena ile yenye feni tatu na taa za rangi.

Mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, angemwelewa fundi bila maelezo marefu. Kama duara linatoa viroba kumi vya mawe kwa siku, kununua karasha la pili hakuongezi dhahabu; mashine mbili zitakaa zikingojea mawe yaleyale. Kompyuta ni hivyo hivyo. Swali ni kazi inasubiri wapi, na jibu halimo kwenye tangazo la duka.

Siku ile lilikuwa kwenye diski. Picha zilipokuwa zinaingizwa Lightroom, mstari wa diski ulipanda hadi asilimia 100 ukakaa hapo hapo, huku prosesa ikiwa haijafika hata nusu. Dada alipofungua picha moja kwenye Photoshop na kuanza kurundika matabaka, RAM yake ya gigabaiti 8 ilijaa na diski ikaanza kuhangaika upya. Hesabu ya jambo hili fundi huifanya kwa sauti, mteja asikie. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Kila pikseli ina rangi tatu, na ukifanya kazi kwa biti 16 kila rangi inachukua baiti mbili. Milioni 24 mara sita ni megabaiti 144, na hilo ni tabaka moja tu. Linakili mara tano, ongeza hatua zote ambazo programu inazikumbuka ili uweze kurudi nyuma, ongeza Windows yenyewe na kivinjari kinachopiga muziki pembeni, gigabaiti 8 zimekwisha. Zikiisha, programu inahamishia mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka inasoma megabaiti mia na kitu kwa sekunde ikiwa faili zimejipanga vizuri. Zikiwa vipande vidogo vidogo vilivyotapakaa, kama ilivyo katalogi ya Lightroom, kasi hiyo inaporomoka vibaya.

Mashine yenyewe ilikuwa Dell OptiPlex 7010 yenye kasha jembamba, moja ya zile kompyuta za ofisi za Ulaya na Ghuba zinazoishia kwenye maduka yetu ya mtumba. Ni toleo la mwaka 2012. Hapa ndipo ninapomheshimu mtu huyu zaidi, kwa sababu kuchagua kifaa ni kujua pia kile ambacho mashine haiwezi kukipokea. Ile haina tundu la M.2, kwa hiyo SSD nyembamba zile za kasi ya megabaiti 3,500 kwa sekunde hazina pa kukaa. Itapokea SSD ya SATA, inayofika kama 550. Na matundu ya SATA ya bodi hiyo hayalingani: mawili yana kasi kamili, mengine nusu yake. Alipofungua kasha alikuta diski ya zamani imekalia tundu la kasi kamili na tundu lingine la aina hiyo limeshikwa na kisomeo cha DVD ambacho dada hakumbuki alikitumia lini. Akakihamisha. Kazi ya dakika moja, haina bei, na asiyeijua atanunua SSD nzuri na kuitumia nusu.

RAM ilikuwa na matundu manne, mawili matupu. Alitoa vipande viwili vya gigabaiti 8 vya DDR3, akavigeuza kwenye mwanga kutazama pengo la chini, maana la DDR3 na la DDR4 hayako mahali pamoja, na anayelazimisha anavunja bodi. Akasugua miguu ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu, upande mmoja kisha wa pili, akapuliza unga wa kifutio. Vipya viwili akaviweka kwenye jozi moja ya matundu, vya zamani kwenye jozi nyingine, ili kila jozi ifanye kazi pamoja. Halafu hakuwasha Windows. Aliwasha MemTest86 kutoka kwenye flashi na kuiacha ikimbie usiku kucha. RAM ya mtumba yenye hitilafu ndogo haifi siku ya kwanza. Inaharibu faili moja leo, nyingine wiki ijayo, na mpiga picha anaishia kulaumu kamera. SSD nayo, kwa kuwa ilikuwa imetumika, aliisoma kwanza kwa CrystalDiskInfo: imewashwa saa ngapi, imeandikiwa kiasi gani, ina afya asilimia ngapi.

Kuhusu grafiksi kadi, aliuliza swali moja tu. "Dada, kumbi zako ni za mchana au za usiku?" Si swali la kupoteza muda. Tangu Aprili 2023 Lightroom ina kazi ya kuondoa chenga kwenye picha za gizani kwa akili bandia, na kazi hiyo inaiegemea grafiksi kadi karibu yote. Anayepiga kumbi za usiku kwa ISO 6400 anaihitaji kweli. Dada anapiga zaidi kanisani na bustanini, saa za jua. Tena pawa saplai ya kasha lile ni wati 240, kwa hiyo kadi yoyote ingebidi iwe fupi, nyembamba, na ile inayopata umeme wake wote kutoka kwenye tundu lake bila waya wa ziada. Kadi ya feni tatu isingeingia hata kwa kusukuma. Na mashine yenye prosesa ya kizazi cha 3, kama ile, Windows 11 haiitambui rasmi, wakati msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ushauri wake ukawa huu: RAM na SSD tutaweka, maana zinarudisha kazi leo na hazigharimu sana, pesa ya kadi itunzwe kwa ajili ya mashine yenye prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Muuza vifaa anayemwambia mteja asinunue ni wa kushikilia.

Lakini kitu kilichomchukua muda mrefu kuliko vyote ni kioo. Watu wengi wanakiacha mwisho, na nadhani wanakosea kabisa. Kasi inakupa muda. Kioo ndicho kinachoamua ngozi ya mtu itatoka rangi gani. Historia ya jambo hili inauma. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilisambaza kwenye maabara kadi za kupangia rangi zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe. Rangi ikikaa sawa kwake, mashine imepangwa, na watu weusi walitoka kwenye karatasi meno na macho tu. Monita ya bei rahisi ya aina ya TN inaturudisha huko kwa njia nyingine: inameza tofauti za weusi, na ukijiinua kidogo kitini shavu linabadilika rangi. Mpiga picha hawezi kuhariri asichokiona. Na bibi harusi wa Kisukuma aliyevaa shela nyeupe na mkufu wa dhahabu, kando ya mume mwenye suti nyeusi, ana ngozi yenye wekundu, kahawia na mng'ao wa mafuta, vyote ndani ya vivuli ambavyo kioo kibovu kinavionyesha kama kitu kimoja.

Fundi ana faili lake la vipande vya kijivu, linaloanzia weusi mtupu na kupanda kidogo kidogo. Aliuliza, "Unaona vingapi?" Dada alihesabu; vya mwanzo vyote vilikuwa giza moja. Wakaleta monita ya IPS ya mtumba, inayofikia karibu rangi zote za sRGB, na vipande vikajitokeza. Bado hakutosheka. Alishusha mwanga wa kioo hadi karibu kandela 120 kwa mita ya mraba, kwa sababu vioo vingi huachwa viking'aa kupita kiasi na ndiyo maana picha zinarudi nyeusi kutoka zinakosafishwa. Akaning'iniza kifaa chake cha kupimia rangi juu ya kioo, akalenga weupe wa 6,500 Kelvin. Akahamisha meza isitazamane na pazia la bluu la picha za paspoti, linalotupia rangi yake kwenye kila kitu. Mwisho akaomba picha moja iliyosafishwa Mwanza, akaishika kando ya kioo, na wote wawili wakaitazama shingo ya bibi harusi kwa muda mrefu.

Mengine aliyamaliza haraka. Vumbi jekundu alilipuliza nje ya mlango, akishika feni kwa kidole isizunguke. Akabadilisha pasta ya joto. UPS aliipa betri mpya, akasisitiza kwamba ni ya kuhifadhi faili na kuzima, si ya kuendelea na kazi umeme ukikatika.

Kilichobaki kilikuwa nakala za akiba. Kwenye kila orodha ya vifaa anayoiandika kuna diski ya nje, na wateja huomba iondolewe kwanza kwa sababu haiongezi kasi hata kidogo. RAM hukubali ipunguzwe, monita hukubali isubiri mwezi ujao. Diski hiyo hakubali, na anaagiza ilale nyumbani kwa mwenye studio, isilale studio.